Kitenge cha Njano Kutoka Lituhi

Mama yangu akiulizwa na wenzake wa jumuiya ninafanya kazi gani, huwajibu kwamba kazi yangu ni kukataa. Wenzake kazini wanachora, husema, yeye anakataa. Wanacheka, na mimi nacheka nao, maana hajakosea sana.

Tuna chumba Mbinga mjini, nyuma ya duka la pembejeo, chenye dirisha linaloangalia mibuni ya jirani. Humo tunatengeneza katuni za nyimbo. Wapo wanaochora, yupo anayezipa picha mwendo kwenye kompyuta, na mimi ndiye ninayeamua vitu vionekane vipi: rangi gani itumike, mwanga utoke wapi, mtu awe na shingo ya urefu gani. Zaidi ya yote nahakikisha kwamba mtu aliyeonekana mwanzo wa wimbo, akitokea tena mwishoni, mtazamaji asisite kwamba ni yeye. Nyumba ikiwa na dirisha kushoto kwa mlango, basi liwe kushoto kila mara tunapoirudia. Wachoraji huliona jambo hili kuwa dogo, na kila mmoja wao ameshanichukia kwa muda wake. Sijali. Kazi hii naiweza na ninaringa nayo.

Kazi ninayotaka kuisimulia ilitoka kwa kwaya ya akina mama wa parokia yetu. Walikuwa wametunga wimbo kuhusu wanawake wa ziwani waliokuwa wakipanda milimani na vikapu vya usipa, dagaa wa ziwa letu, kuja kubadilishana na mahindi na maharage. Nusu ya kwaya ni wanawake wa Kimatengo ambao mama zao waliwapokea wageni hao na kuwapikia. Nusu nyingine wana asili ya ziwani, na baadhi yao vikapu hivyo waliwahi kuvibeba wenyewe. Mama yangu ni mmoja wao. Alikuwa akitoka Lituhi, analala njiani, anafika kwenye nyumba ya babu yangu mzaa baba na kukaa hapo mpaka usipa uishe. Baba alipenda kusimulia kwamba safari moja mama alipanda na hakushuka tena. Mama husema alishuka mara nyingi tu, ila alikuwa anarudi.

Basi akaolewa huku, akazaa huku, akachuma kahawa na kuchimba ngolo shambani huku mpaka nywele zikawa nyeupe. Hata hivyo ukweni wanamwita Mnyasa mpaka leo. Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu baba, hajawahi kumwita kwa jina lingine. Akienda Lituhi kusalimia, ndugu zake wa kuzaliwa humwita Mmatengo na kumtania kwamba ameshasahau hata kupara samaki. Yeye hucheka pande zote mbili. Mara moja tu, tukiwa jikoni tunachambua maharage, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba angependa, kabla hajafa, awe mtu mmoja. Halafu akaomba nimsogezee ungo. Nikasogeza ungo.

Kwa hiyo wimbo ule ulipokuja mezani kwangu niliutaka kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Lakini mwenyekiti wa kwaya, mama mwenye sauti ya kuagiza hata anapoomba, alikuwa na mpwa wake Dar es Salaam aliyemwambia kwamba huko ndiko kwenye wataalamu. Tuliafikiana hivi: tutengeneze ubeti wa kwanza na kiitikio, tuvionyeshe kwenye ukumbi wa parokia Jumapili baada ya Pasaka. Akina mama wakiridhika, wimbo wote ni wetu. Wasiporidhika, unakwenda Dar. Sina ugomvi na watu wa Dar, wanajua kazi. Lakini nilijua watakachochora: maji ya buluu, minazi, na mwanamke yeyote mwenye kikapu chochote. Mama yangu angekaa kwenye benchi la parokia yake mwenyewe akitazama mtu asiyemjua.

Wachoraji wangu walikuwa wawili. Mmoja ni mwanamke wa Lituhi, mkono wake mwepesi, anachora mistari myembamba. Mwingine ni mwanamume wa Kimatengo aliyekulia kwenye miteremko juu ya mji, mistari yake minene na haina haraka. Anayezipa picha mwendo ni Mngoni kutoka Songea, na kwa sababu hiyo kila jambo likiharibika chumbani tunamsingizia yeye. Ubeti wenyewe ulikuwa mwepesi kuelewa. Mwanamke anaanika usipa ufukweni, anafunga kikapu, anapanda. Anawakuta wenyeji shambani wanachimba ngolo, anashika jembe kuwasaidia. Kwenye kiitikio anashuka na maharage yake kurudi ziwani.

Kwanza niligawa kazi bila kufikiri asili ya mtu. Mmatengo alikuwa hodari wa kuchora watu wengi pamoja, nikampa ufukwe. Mwenzake wa Lituhi alikuwa hodari wa kuchora mtu mmoja akifanya kazi, nikampa shamba. Waliponiletea nilicheka mpaka nikakaa chini. Wanawake wa ufukweni wa Mmatengo walikuwa wamesimama kuzunguka kichanja, viganja viwili vimefunguka, wanageuza usipa polepole na kuchambua mbovu kwa ncha za vidole. Nilimuuliza hizi ni kahawa za wapi zenye macho. Na yule wa Lituhi, ambaye naye alikuwa anamcheka mwenzake, alikuwa amechora mwanamke akivuta udongo kuuelekeza miguuni na kuurundika. Lilikuwa shamba zima la matuta ya mihogo lililopandishwa mlimani. Kwa asiyejua, ngolo haina rundo. Majani yaliyokatwa hulazwa kwa mistari inayokatana, mteremko mzima unakuwa miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba unachimbwa na kutupwa juu ya majani pande zote nne. Kinachobaki katikati ni shimo la kushika maji ya mvua. Kila mmoja wao alikuwa ameichora kazi ya mwenzake kwa mikono ya nyumbani kwake.

Nikawabadilisha. Wa ziwa akachora ziwa, wa milima akachora milima, na kila mmoja alichora vizuri sana, nasema ukweli. Mngoni akaunganisha, tukachemsha chai na mihogo, tukakaa kutazama. Wenzangu walikuwa wanapongezana kabla picha hazijaisha. Mimi nilikuwa nimeacha kutafuna. Njia ilipofika kwenye kona ya kwanza ya mlima, pale kazi ya mmoja ilipoishia na ya mwingine kuanza, mwanamke mmoja aliishia pale, na mwingine akaendelea na kikapu chake.

Yule wa chini alikuwa na shingo ndefu iliyosimama, mikono mirefu, kitenge cha njano nyepesi kilichofungwa kiunoni upande wa kulia. Yule wa juu alikuwa mfupi, ameinamia mlima, misuli ya miguu imejaa, njano ya kitenge chake nzito na fundo limehamia kushoto. Hata saa zilikuwa zimegombana. Chini ilikuwa asubuhi. Juu, mwanamke yule yule, katika safari ile ile, alikuwa na jua linalozama ziwani mgongoni kwake, maana mtu wa miteremko ile akiambiwa achore uzuri huchora anachokiona jioni akisimama nje ya nyumba yao: ziwa mbali, chini, linawaka.

Nikasema turudie. Hakuna aliyefurahi. Siku zilizobaki zilikuwa chache, na Mngoni alinikumbusha kwamba kila picha ninayoikataa yeye analazimika kuivunja na kuiunganisha upya. Mmatengo aliweka kalamu chini.

"Dada, watu watakuwa wanaimba," alisema. "Nani atapima shingo?"

"Mama yangu," nikamjibu.

Mwenzake wa Lituhi akapendekeza jambo la akili, kwamba mwanamke achorwe na mkono mmoja mwanzo mpaka mwisho, na mkono huo uwe wake. Mmatengo akasema kama ni mkono mmoja basi uwe wa kwake. Wakanitazama mimi. Nikawakataa wote wawili, na najua siku ile walitamani niugue hata malaria. Lakini nilikuwa na sababu. Kama wa ziwa angemchora peke yake, mwanamke angepanda mlima kama anatembea kwenye mchanga. Kama wa milima angemchora peke yake, angetembea ufukweni kama anatafuta pa kukanyaga. Mimi nilitaka shingo ya mmoja na miguu ya mwingine kwenye mwili mmoja, kwa sababu mwili huo ninaufahamu. Umenibeba mgongoni.

Kesho yake nikamleta mama. Wakamwamkia shikamoo kwa adabu, akaitikia, akakagua chumba, akasema kina vumbi. Hakutaka kupigwa picha. Alisema ana miguu miwili kama watu wengine, kuna nini cha kupiga. Lakini alikuwa amekuja na kikapu chake mwenyewe, na ngata ya kitambaa ameshaisokota. Tukajaza mahindi kidogo, akatembea uani, kisha akapanda kilima kidogo nyuma ya duka, akashuka, akapanda tena. Wale wawili wakachora. Nilisimama pembeni nikitafuta kitu ambacho hakibadiliki, kwa sababu karibu kila kitu kilikuwa kinabadilika. Kwenye tambarare alinyooka, kwenye mteremko alilala mbele kuanzia kwenye vifundo vya miguu. Ila shingo haikupinda hata kidogo. Na kila ardhi ilipobadilika chini yake, iwe jiwe, tope au mwanzo wa mlima, mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe na kugusa ukingo wa kikapu, kisha ukashuka.

Nikaandika ukutani kwa rangi, juu ya meza zao, ili asiwepo wa kusema hakuona. Shingo haipindi. Mkono wa kushoto unagusa ukingo kila ardhi inapobadilika. Fundo la kitenge kulia. Kivuli nyuma.

Hilo la kivuli nalipenda mpaka leo, na nitajisifu kidogo. Kwetu ziwa liko magharibi na milima iko mashariki. Mwanamke anayepanda kutoka Lituhi asubuhi analikabili jua, na kivuli chake kinamfuata. Akishuka alasiri kurudi ziwani, jua limeshahamia upande wa maji, analikabili tena, na kivuli kiko nyuma tena. Kwenda na kurudi, kivuli kiko nyuma yake. Nililifikiria hilo nikiwa nateka maji bombani, nikaacha ndoo ikafurika.

Kuhusu kitenge tulibishana zaidi. Nilitaka njano moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, lakini udongo mwekundu wa njiani ushike pindo kidogo kidogo, mpaka anapofika shambani pindo limekuwa la rangi ya shamba. Mngoni akasema ninavunja sheria yangu mwenyewe, maana nimewanyima usingizi kwa ajili ya rangi moja na sasa ninaibadilisha. Nikamwambia nguo yake ni ile ile, ila imesafiri. Akanung'unika akaifanya, na ikawa ndiyo sehemu anayoionyesha kwa wageni kwanza.

Halafu nikafanya jambo ambalo waliliona ni wazimu. Niliwarudisha kwenye mgawo wa kwanza, wa ziwa achore shamba na wa milima achore ufukwe, meza zikiwa zimeunganishwa ili kila mmoja awe macho ya mwenzake. Lakini kabla hawajashika kalamu, mikono ilibidi ijifunze. Ilikuwa msimu wa kuchimba ngolo, tukaenda kwa baba mdogo ambaye majani yake yalikuwa yameshakatwa. Mmatengo akalaza majani, kazi ya wanaume, na aliilaza vizuri. Nilipompa jembe akakataa, akasema kuchimba ni kazi ya akina mama. Mwenzake wa Lituhi akalichukua. Shimo lake la kwanza liliporomoka upande mmoja na mama mdogo akacheka waziwazi. La pili lilisimama. Jioni alikuwa na malengelenge viganjani na alikuwa anamweleza Mmatengo jinsi kiuno kinavyogeuka mtu anapotupa udongo, jambo ambalo Mmatengo alikuwa ameliona tangu utotoni bila kulifanya.

Zamu ya Mmatengo ikaja. Mama alinunua usipa mbichi uliotoka kuletwa sokoni, tukatandika turubai uani, tukampa mchoraji beseni. Usipa haugeuzwi kwa huruma kama kahawa. Humwagwa kwa mkupuo mmoja na kutawanywa kwa mkono mmoja, upesi, kabla haujashikana. Mkupuo wake wa kwanza ulikwenda kwa kuku wa jirani. Mama alimwambia kwa upole kwamba kuku nao wana haki ya kula, akamjazia beseni tena. Alipopata mkono wake, alianza kuringa kama amezaliwa kwenye mtumbwi.

Baada ya hapo walichora, na mimi nikaendelea na kazi yangu ya kukataa. Nilikataa fundo lililohama. Nilikataa kikapu kilichopungua upana. Nilikataa picha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka chumbani mwetu, ambayo Mmatengo aliichora bila kuombwa: ziwa lake la jioni, safari hii kutoka ufukweni, maji ya shaba na mitumbwi imepandishwa mchangani. Iliniuma kuikataa. Lakini alikuwa ameiweka kwenye kuondoka, na mwanamke wetu anaondoka asubuhi. Hakunisemesha siku nzima. Kesho yake niliichukua picha hiyo nikaipeleka kwenye kiitikio, pale mwanamke anapofika nyumbani na maharage yake, jua mbele na kivuli nyuma, ikakaa kama ilikuwa inasubiriwa. Alinitazama kwa kuibia kutoka mezani kwake. Nikajifanya sioni.

Jumapili ile ukumbi ulijaa baada ya misa. Tulifunga mapazia, tukatundika shuka nyeupe. Mwenyekiti alikaa mbele kabisa, mikono imekunjwa. Mama alikuwa benchi la pili, kulia kwake mwenzake wa zamani wa kubeba vikapu, kushoto kwake wifi yake, shangazi yangu. Mimi nilisimama kando ya projekta.

Wimbo ukaanza. Usipa ukamwagwa, na mwenzake mama akasema kwa sauti ya kuridhika kwamba huyo kalelewa ufukweni. Kikapu kikafungwa. Mwanamke akapanda, vumbi likapanda naye kwenye pindo. Nilikuwa nimeitazama kona ile ya kwanza mara nyingi mno, kwa hiyo sikuitazama. Nilimtazama mama. Mwanamke alipofika pale, ardhi ikaanza kuinuka chini yake, na mkono wa kushoto wa mama ukainuka kutoka kwenye paja mpaka karibu na kichwa, ukagusa hewa, ukashuka. Sidhani kama alijua.

Shambani, mwanamke aliposhika jembe na kutupa udongo juu ya majani, shangazi aliinama mbele. Alisema huyo anachimba vizuri, ni wa kwetu. Kiitikio kikaja, akina mama wakaanza kuimba pamoja na spika, na ziwa la Mmatengo likawaka kwenye ile shuka nyeupe.

Taa zilipowashwa, mwenyekiti hakusema tumeshinda wala tumeshindwa. Aliuliza nani amechora ziwa. Mmatengo akanyoosha mkono. Akauliza nani basi amechora milima, na binti wa Lituhi akanyoosha wake. Mwenyekiti alidhani wanamtania. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akanitazama mimi, na nilimtazama bila kupepesa. Nilijisikia mrefu.

Shangazi naye alikuwa na swali. Alimgeukia mama akamuuliza, kwa lile jina lake la miaka yote, kama mwanamke yule wa mwisho, wa kule chini, ndiye yule yule aliyechimba ngolo, au ni mwingine.

"Ni mimi, wifi," mama alisema. "Chini ni mimi, na juu ni mimi."

Hakusema kwa nguvu, lakini kila mtu alisikia. Shangazi akamwita kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, akamwambia asogee wakae vizuri, maana anataka kuona tena. Mwenyekiti akasema ndiyo, irudiwe, na nikimaliza nimwambie ubeti wa pili nitauanza lini. Nikairudisha mwanzo. Nilitazama shingo, fundo, mkono, kivuli, kona kwa kona, kama ninavyotazama siku zote, na kwa mara ya kwanza sikupata cha kukataa.